Laptopu Iliyozimika Tena Baada ya Siku 38: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Arua

Mama aliyeniletea kisa hiki anaendesha duka la uchapaji katika Jiji la Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwenye chumba kimoja chenye mashine ya fotokopi, printa mbili na laptopu moja inayozilisha mashine zote hizo. Alifika ofisini na mfuko wa nailoni wenye laptopu, chaja na risiti iliyokunjwa mara nne, na kabla hajaketi akaniuliza: mtu akilipia matengenezo, kisha kitu kikaharibika tena kwa ugonjwa ule ule, je, pesa yake ndiyo imekwenda? Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili. Kazi yangu ni kuwasaidia watu kuandika barua, kujaza fomu na kujua ni mlango upi wa kubisha. Nilimwambia kwamba sitaweza kumjibu mpaka nisome risiti yake.

Mambo yalikuwa hivi. Laptopu ilianza kuonyesha mistari ya wima kwenye kioo, na siku chache baadaye ikawa inawaka bila kutoa picha: feni inazunguka, taa ndogo ya kibodi inawaka, lakini kioo ni cheusi. Akaipeleka kwa fundi wa mjini, ambaye alitoza shilingi 20,000 za uchunguzi na kumwambia kwamba chipu ya picha kwenye madabodi, yaani bodi kuu ya mashine, imekufa na inapaswa kubadilishwa, kwa shilingi 280,000. Mama alikubali kwa mdomo, akalipa nusu, na kumweleza fundi kwamba anaihitaji mashine kabla ya wiki ya mitihani, kwa kuwa shule mbili humpa kazi ya kuchapa maswali. Baada ya siku tatu aliichukua ikiwa inafanya kazi, akamalizia malipo na kupewa risiti. “Mama, hii imepona kabisa,” fundi alimwambia, na mama anakumbuka maneno hayo kwa sababu alimjibu, “Haya, mwanangu, Mungu akubariki.”

Siku ya 38 mistari ilirudi, na jioni yake kioo kikawa cheusi. Siku ya 39 aliirudisha. Fundi hakuwapo, kwa hiyo kijana wake wa kazi aliipokea, akaiwasha, akaitazama, na kwa kuwa mama alikuwa ameishika ile risiti mkononi, akaandika nyuma yake kwa kalamu ya bluu: “Imerudi, haina picha, tatizo la kwanza,” pamoja na tarehe. Fundi aliporudi alisema kwamba dhamana ilikuwa ya siku 30 na imekwisha, hivyo kuitengeneza tena ni shilingi 150,000. Mama alikataa, akachukua mashine yake na kuondoka. Hapo ndipo alipokuja kwangu, na kwa bahati njema alikuja kabla ya kumpa fundi mwingine yeyote aifungue.

Risiti ilikuwa ya kitabu cha nakala ya kaboni. Kwenye mstari wa maelezo palikuwa na maneno ya Kiingereza yenye maana ya kubadilisha chipu ya picha. Chini palikuwa na kiasi kilicholipwa na saini. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo zilizochapishwa kiwandani pamoja na kitabu, palisema kwamba dhamana ni siku 30 na kwamba pesa ikishalipwa hairudishwi. Mstari huo wa mwisho ndio ambao wengi huusoma, hukata tamaa, na kurudi nyumbani.

Uganda haina sheria moja ya kumlinda mlaji iliyosimama peke yake kama ile ambayo Kenya iliitunga mwaka 2012. Hata hivyo si kweli kwamba mlaji wa Uganda yuko uchi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 ilichukua nafasi ya sheria ya zamani ya mauzo iliyorithiwa tangu enzi za ukoloni, na jambo kubwa ililoliongeza liko kwenye jina lake: huduma. Sheria ile ya zamani ilihusu bidhaa tu. Hii ya sasa inamtaka anayetoa huduma kama kazi yake afanye kazi hiyo kwa uangalifu na ustadi unaotarajiwa wa mtu wa fani hiyo, na wajibu huo unaingia ndani ya mkataba hata kama pande mbili hazikuutamka. Kama katika huduma hiyo kuna kipuri kilichouzwa, kipuri nacho kinapaswa kuwa na ubora wa kuuzika na kufaa kwa kazi ambayo mnunuzi alieleza.

Kwa hiyo swali la kwanza halikuwa siku ngapi zimepita, bali ni kitu gani kilifanyika ndani ya mashine ile. Kama fundi aliweka chipu mpya ikafa baada ya siku 38, tungekuwa tunazungumzia ubora wa kipuri, na fundi angeweza kumgeukia aliyemuuzia. Kama hakuweka chipu yoyote, tungekuwa tunazungumzia kazi iliyolipiwa na haikufanyika. Hizo ni kesi mbili tofauti, na zinahitaji ushahidi tofauti.

Hapa inabidi nieleze kidogo ufundi wenyewe, maana bila huo kisa hakieleweki. Chipu ya picha katika laptopu za aina hii haishikwi na miguu inayoonekana. Inakaa juu ya mamia ya vipira vidogo vya lehemu vilivyofichika chini yake, na ndani ya chipu yenyewe kuna safu nyingine ya viungo vidogo zaidi. Tangu Umoja wa Ulaya ulipoanza kuzuia madini ya risasi katika vifaa vya umeme, Julai 2006, viwanda vingi vilihamia lehemu isiyo na risasi, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi joto zipatazo 217 za Selsiasi, wakati ile ya zamani yenye risasi huyeyuka kwenye 183. Chipu hupata moto mashine ikifanya kazi na kupoa ikizimwa, kila siku, na baada ya miaka kadhaa kiungo kimoja hupasuka ufa usioonekana kwa macho. Ufa huo ukiwa ndani ya chipu, fundi anaweza kuipuliza hewa ya moto kwa dakika chache, viungo vikatanuka na kugusana tena, na picha ikarudi. Lakini kilichopasuka hakijaungwa. Mashine itafanya kazi wiki moja, au mwezi, au miwili, kisha joto lile lile la kila siku litaufungua ufa upya.

Tatizo hili halikuzaliwa Arua. Mwezi Julai 2008 kampuni ya Nvidia ilitangaza kwamba inatenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya gharama za chipu zake za laptopu zilizokuwa zikiharibika kwa sababu ya udhaifu wa malighafi zilizofungia chipu hizo. Mafundi wa dunia nzima walijifunza kuzipasha moto katika miaka hiyo, na wengi wao walijifunza vilevile, kwa kurudishiwa mashine mlangoni, kwamba moto peke yake si matengenezo. Fundi mwaminifu bado anaweza kupasha chipu moto, lakini atamwambia mteja: hii ni ya kukuwezesha kutoa faili zako, sikuhakikishii mwezi.

Nilimshauri mama asikubali mtu yeyote aguse bisibisi kabla hatujampa fundi wa kwanza nafasi ya kuwapo. Chini ya laptopu palikuwa na kibandiko cha fundi, bado kizima, kikifunika skrubu mbili. Kama kingevunjwa faraghani, utetezi wake ungekuwa mwepesi kabisa: mashine imefunguliwa na mtu mwingine, nani ajuaye alichokifanya? Tuliandika ujumbe wa simu wenye heshima, tukimjulisha siku, saa na duka ambako mashine itafunguliwa, na kumkaribisha afike ajionee. Ujumbe ulisomwa. Hakufika.

Fundi wa pili aliifungua mbele yetu wanne, nikipiga picha kila hatua, kuanzia kibandiko kikiwa kizima. Alipoondoa feni na bamba la kupoozea, akafuta utomvu mkavu wa kupitishia joto uliokuwa juu ya chipu na kutuita tusogee. Kwenye kona nne za chipu palikuwa na matone ya gundi nyekundu, magumu kama kucha, yanayoishikilia chipu kwenye madabodi tangu kiwandani. “Huwezi kuitoa chipu bila kuikwangua gundi hii,” alisema, akigonga tone moja kwa ncha ya kibano. Matone yote manne yalikuwa mazima. Pembeni mwake palikuwa na madoa ya kahawia ya dawa ya kulehemu iliyoungua, na plastiki ya soketi ya jirani ilikuwa imelegea kidogo kwa joto. Chipu haikuwa imebadilishwa, wala kuinuliwa. Ilikuwa imepulizwa moto tu. Fundi wa pili alituandikia maelezo hayo kwenye ukurasa mmoja, akatia saini, akatoza shilingi 30,000, na kuongeza kwamba yeye hutoza shilingi 70,000 kwa kupasha moto na humwambia mteja wazi kwamba kazi hiyo haina dhamana.

Sasa turudi kwenye hoja za fundi wa kwanza, ambazo alizitoa baadaye kwa simu, moja baada ya nyingine.

Hoja ya siku 30 ndiyo nzito, na inastahili kutazamwa kwa utulivu. Dhamana ya siku 30 ni ahadi ya ziada ambayo fundi anaitoa kwa hiari yake: mashine ikisumbua ndani ya siku hizo, nitaitazama bila maswali. Kumalizika kwa ahadi hiyo hakufuti wajibu wa sheria wa kufanya kazi kwa ustadi, na hakika hakufuti wajibu wa kufanya kile kilichoandikwa kwenye risiti. Madai ya mkataba nchini Uganda yanaweza kufunguliwa ndani ya miaka sita. Ni kweli kwamba kadiri muda unavyopita ndivyo inavyokuwa vigumu kuonyesha kwamba tatizo ni lile lile, lakini huo ni ugumu wa ushahidi, si kufungwa kwa mlango.

Kuhusu maneno kwamba pesa hairudishwi, mahakama za Uganda bado zinafuata misingi ya sheria ya Kiingereza katika mambo ambayo sheria za nchi hazikuyagusa, na kuna kesi moja ya mwaka 1940 ambayo huwa naipenda kwa udogo wa mambo yake. Bwana Chapelton alikodi viti viwili vya turubai ufukweni kutoka baraza la mji wa Barry, akalipa, akapewa tiketi, akaitia mfukoni. Alipoketi, kiti kilichanika akaumia. Baraza lilijitetea kwamba nyuma ya tiketi paliandikwa kuwa halitawajibika kwa ajali yoyote. Mahakama ya rufani ilikataa: tiketi ile ilikuwa uthibitisho wa malipo tu, na mtu wa kawaida hatarajii kukuta masharti ya mkataba humo. Mama wa Arua alikubaliana na fundi kuhusu kazi na bei siku tatu kabla ya kuiona risiti. Sharti lililokuja baada ya mkataba kufungwa, likiwa limechapishwa kiwandani kwa ajili ya kila anayenunua kitabu cha risiti, halikuwa sehemu ya makubaliano yao. Mambo yangekuwa tofauti kama fundi angekuwa na bango kubwa ukutani linalosomeka kabla mteja hajaacha mashine, au kama mama angekuwa mteja wa siku zote aliyekwisha kupokea risiti za namna hiyo mara nyingi.

Hoja yake ya umeme, kwamba mashine iliharibiwa na umeme mbaya, sikuipuuza, kwa kuwa kila mkazi wa West Nile anajua habari ya umeme wa huku. Kwa miaka mingi mkoa huu haukuwa umeunganishwa na gridi ya taifa, ukategemea jenereta za mafuta na kituo kidogo cha umeme wa maji cha Nyagak. Lakini umeme mbaya huua chaja na sehemu ya kuchajia kwanza, na vyote viwili vilikuwa vizima. Hoja kwamba laptopu ni kuukuu ni nyepesi zaidi: fundi aliiona kuukuu, akaichunguza kwa malipo, na akapendekeza kazi hiyo yeye mwenyewe.

Iliyobaki ni nani mwenye mzigo wa kuthibitisha. Kanuni ya kawaida ni kwamba anayedai ndiye anayethibitisha, kwa kiwango cha uwezekano ulio mkubwa zaidi, wala si kwa kuondoa shaka yote kama katika jinai. Mama alikuwa na mambo matatu: risiti inayosema chipu imebadilishwa, picha za gundi isiyoguswa, na yale maneno matatu ya kijana, “tatizo la kwanza,” yaliyoandikwa ndani ya duka la fundi siku ambayo bado hapakuwa na ugomvi. Sheria ya ushahidi ya Uganda inasema pia kwamba jambo lililo ndani ya ujuzi wa mtu mmoja hasa, mtu huyo ndiye wa kulithibitisha. Kama chipu mpya ilinunuliwa, aliyejua duka ilikonunuliwa ni fundi peke yake, na tulimwomba karatasi yake mara mbili.

Je, fundi alikuwa mwongo? Sina hakika, na naona si haki kulimaliza jambo hili kwa neno moja. Mafundi wengi wa mitaani wamefundishwa na mafundi wengine, na kwa baadhi yao kupasha chipu moto na “kubadilisha” ni maneno yanayotumiwa ovyo ovyo. Katika barua sikuandika neno wizi, kwa sababu halikuhitajika. Aliyevunja mkataba kwa kutojua amevunja mkataba vilevile, na mtu aliyeitwa mwizi huacha kusikiliza.

Kiasi cha kudai kilitusumbua zaidi kuliko sheria. Mama alitaka shilingi 280,000 zote, pamoja na 30,000 za fundi wa pili, pamoja na kazi ya shule moja iliyompita mashine ilipozimika mara ya pili. Kuhusu kazi hiyo iliyompita, kipimo cha kisheria kinatokana na kesi nyingine ya Uingereza, Hadley dhidi ya Baxendale ya mwaka 1854, ambayo nayo ilihusu kifaa kilichovunjika: mwenye kinu huko Gloucester alituma mtaimbo wa mashine uliokatika ili utengenezwe mwingine, msafirishaji akachelewa, na kinu kikakaa kimya. Mahakama ilisema hasara inayolipwa ni ile inayotokana na uvunjaji huo kwa kawaida ya mambo, au ile ambayo pande zote mbili ziliitambua walipokubaliana. Sheria ya Mikataba ya Uganda inakataa vivyo hivyo fidia ya hasara iliyo mbali. Mama alimwambia fundi kuhusu wiki ya mitihani, lakini mitihani ile ilikwisha salama ndani ya zile siku 38. Kazi iliyompita ilikuwa ya muhula uliofuata, na haikutajwa. Nilimshauri aiache, ingawa haikumpendeza.

Fundi naye alikuwa na hoja moja ya haki: mama aliitumia mashine kwa siku 38. Kwa hiyo tulitoa shilingi 70,000, ambayo ndiyo bei ya mjini ya kupasha moto kama tulivyoandikiwa, kutoka kwenye 280,000. Zikabaki 210,000. Tukaongeza 30,000 za uchunguzi wa pili. Tulidai shilingi 240,000.

Mlango wa madai ya namna hii upo. Tangu kanuni za mwaka 2011, mahakama za mahakimu zina utaratibu wa madai madogo kwa kesi zisizozidi shilingi milioni 10, na mawakili hawawakilishi upande wowote. Mdai huanza kwa kumpelekea mdaiwa notisi ya madai, akimpa siku 14 za kulipa au kujibu, na akinyamaza ndipo fomu zinafunguliwa. Kipingamizi kikubwa kwa wateja wangu si ada bali ni lugha: tangu mwaka 2005 katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya pili rasmi, lakini fomu ni za Kiingereza na mahakama huendeshwa kwa Kiingereza, hivyo anayezungumza Kiswahili au Lugbara husikilizwa kupitia mkalimani. Nilimjazia mama notisi kwa Kiingereza, na nikambandikia karatasi ya Kiswahili yenye maneno yale yale, ili ajue anatia saini juu ya nini. Tungeweza pia kuanzia kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, na kwa majirani mara nyingi ndiyo njia bora. Ila fundi alikuwa wa kata nyingine na mama hakutaka baraza la mtaa mzima.

Mama aliipeleka notisi mwenyewe, pamoja na nakala ya risiti pande zote mbili na picha nne za gundi. Siku ya 11 fundi alipiga simu, safari hii kwa sauti ya chini, akimwita mama Hajati. Hakukubali kwamba alikosea. Alisema tu kwamba yuko tayari kulipa 200,000 papo hapo na mambo yaishe, na mama, ambaye muhula ulikuwa unamkaribia, alikubali. Nilimwandikia makubaliano ya ukurasa mmoja yanayosema ni kiasi gani kimelipwa na kwamba hakuna anayemdai mwenzake. Wote wawili walitia saini, na yule kijana wa kazi alishuhudia.

Kuhusu laptopu yenyewe, fundi wa pili alisema chipu mpya ya kuaminika ingemgharimu mama karibu nusu ya bei ya mashine iliyotumika. Akatoa diski, akaihamishia kwenye kompyuta ya mezani ambayo mama aliinunua kwa sehemu ya pesa ile, na faili zote za shule zikawa salama, pamoja na picha za pasipoti za wateja ambazo zilikuwa zimekaa kwenye mashine isiyo na neno la siri katika duka la mtu mwingine. Risiti ya awali bado anayo. Ameiweka ndani ya bahasha ya plastiki, na sehemu aliyoigeuza juu ni ule upande wa kalamu ya bluu.